Chumvi si sodiamu wala klorini: mbona kampaundi haifanani na elementi zake?

mkomani_tuisheni

Assalamu alaikum wanajamvi. Nadurusu kemia na vijana wa sekondari hapa Lamu wakati huu wa likizo, na mambo matatu yametukwamisha.

La kwanza. Kitabu chasema sodiamu ni metali inayoripuka ikitiwa majini, na klorini ni gesi ya sumu. Zikikutana zinakuwa chumvi ya kutia kwenye mchuzi. Kijana akauliza: sumu imekwenda wapi? Kama imo, mbona hatufi? Kama haimo, mbona twaandika NaCl? Kumjibu kwamba "zimeungana kikemikali" hakumtoshi, na kusema kweli hata mimi hakunitoshi.

La pili ni jaribio la chuma na salfa. Tulitia unga wa chuma kijiko kimoja na salfa kijiko kimoja, tukapasha neli moto mpaka ndani kukawa kwekundu. Ilipopoa sumaku ikavuta kama kawaida. Kitabu kinasema haitavuta. Kosa liko wapi?

La tatu, nipeni mfano wa kitu kinachojulikana na watoto wa hapa, kisiwe maji na chumvi tu. Shukran.

maabara_malindi

Wa alaikum salaam, mwalimu. Nianze na neno lenyewe, maana nusu ya tatizo iko kwenye lugha. Mtaani neno ni moja tu, kuchanganya. Utasikia mtu akisema maji ni "mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni", na hapo ndipo kijana anapopotezwa. Kachumbari ni mchanganyiko: kitunguu ni kitunguu, nyanya ni nyanya, waweza kuchagua kwa vidole, na ukizidisha pilipili bado ni kachumbari. Kampaundi, yaani kitu kipya kinachotokana na elementi zilizoungana, haina ruhusa hiyo. Darasani litenge neno "mchanganyiko" libaki la kachumbari, na kwa kampaundi sema "kuungana" kila mara, hata ukionekana unarudiarudia.

Sasa sumu. Haikwenda popote, kwa sababu haikuwa kitu kilichofichwa ndani ya atomu kama dawa ndani ya kichupa. Sumu ni tabia. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11. Kumi zimetulia kwenye mizingo ya ndani, ya 11 iko nje peke yake na imeshikwa kwa ulegevu. Ukali wote wa metali ile, kukimbia juu ya maji na kutoa haidrojeni inayoshika moto, ni elektroni hiyo moja inayotafuta pa kwenda. Klorini ina elektroni 17, saba ziko mzingo wa nje, pamebaki pengo la moja. Ikiingia puani na kwenye mapafu yenye unyevu hunyakua elektroni kwa chochote inachokikuta, na mapafu huungua. Ndiyo gesi iliyofunguliwa dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915.

Zikikutana, elektroni ile ya sodiamu huhamia kwa klorini. Sodiamu inabaki na 10, klorini inakuwa na 18, na hapo hakuna tena mwenye kutafuta wala mwenye kunyang'anya. Anayekula chumvi hali metali wala gesi. Anakula ayoni, yaani atomu zilizokwisha kutoa au kupokea elektroni, ambazo tayari zimeshafanya lile jambo la hatari ambalo metali na gesi zilikuwa zikitafuta kulifanya.

Na mbona twaandika NaCl? Kwa kuwa fomula huhesabu viini, haihesabu tabia. Kiini chenye protoni 11 kimo, chenye protoni 17 kimo, havikuguswa hata kidogo. Uzito wao umo pia: 23 na 35.5 hufanya 58.5. Kwa hiyo kila kilo 1 ya chumvi safi ina gramu 393 za sodiamu na gramu 607 za klorini, iwe imetoka Gongoni, Magadi au Uchina. Ukizidisha klorini, ile ya ziada hubaki nje ikiwa klorini, haiingii. Mwanakemia Mfaransa Joseph Proust ndiye aliyelishikilia jambo hili miaka ya 1790, akabishana nalo miaka kadhaa na mwenzake Berthollet, aliyeona kuwa uwiano waweza kubadilika.

Mpe kijana namba azitazame. Sodiamu huyeyuka kwa nyuzi 98, chini hata ya maji yanayochemka. Klorini huchemka kwa nyuzi 34 chini ya sifuri. Chumvi huyeyuka kwa nyuzi 801. Ingekuwa mchanganyiko ungetarajia kitu cha kati kwa kati, na 801 haiko kati ya hizo mbili kwa hesabu yoyote.

Kuna na deni la nishati. Gramu 23 za sodiamu zikiungana na gramu 35.5 za klorini hutoa kilojuli 411 hivi. Joto hilo latosha kufikisha maji ya bomba ya nyuzi 28 hadi kuchemka, zaidi ya lita 1. Nishati hiyo imeshaondoka. Anayetaka sodiamu yake irudi lazima ailipe, na hiyo ndiyo sababu chumvi hukaa ghalani miaka bila kukumbuka kuwa ilikuwa sumu.

Jaribio lako sasa. Kosa ni kijiko. Chuma na salfa huungana kwa uzito, gramu 7 za chuma kwa gramu 4 za salfa, na kijiko kinapima nafasi. Unga wa chuma ukijaa kijiko huwa mzito zaidi ya mara mbili ya salfa iliyojaa kijiko hicho hicho, kwa hiyo ulitia chuma kingi kupita kiasi. Kilichobaki bila mwenza ndicho kilichovutwa na sumaku. Halafu salfa nayo ilipungua njiani: huyeyuka kwa nyuzi 115, huchemka kwa 445, na ukipasha neli kuanzia juu sehemu yake inatoroka na kuwaka mdomoni kwa mwali wa buluu. Moshi wake ni salfa dayoksaidi, unaokaba koo. Mwanafunzi mwenye pumu akae nje.

Fanya hivi. Pima chuma gramu 1.75 na salfa gramu 1.0 kwa mizani inayosoma angalau sehemu ya kumi ya gramu. Saga pamoja kwenye kinu kidogo kikavu hadi rangi iwe moja, kijivu chenye umanjano. Kabla ya moto pitisha sumaku iliyofungwa karatasi, waone chuma kikipanda na salfa ikibaki chini. Usipoifunga karatasi utakaa jioni nzima unaipangusa. Rudisha unga kwenye neli, ziba mdomo kwa pamba ya madini. Pamba ya kawaida itashika moto. Ilaze neli kidogo na upashe kitako peke yake. Wekundu ukianza, ondoa moto hapo hapo. Wanafunzi wautazame ule wekundu ukitembea wenyewe kutoka chini kwenda juu bila moto wowote: hiyo ndiyo nishati niliyoitaja, ikiondoka mbele ya macho yao. Ukiacha moto uendelee, hawataliona.

Chuma chenyewe nacho hutibua. Unga wa tupa kutoka karakana huwa na mafuta; uoshe kwa sabuni ya unga, suuza kwa spiriti, kausha. Na kwa hewa yetu ya bahari, mkebe uliofunguliwa mwezi mmoja una kutu nusu. Kutu tayari ni chuma kilichoungana na oksijeni, hakina haja na salfa yako.

Hata ukipatia kila kitu, usiwaapie kwamba sumaku haitavuta kabisa. Salfaidi ya chuma inayotoka kwenye neli mara nyingi si FeS kamili, yaani atomu moja ya chuma kwa moja ya salfa, huwa na upungufu mdogo wa chuma, na aina hiyo huvutwa kidogo. Kipimo kisichobishaniwa ni asidi. Tia punje ndogo ya mchanganyiko ambao haukupashwa moto ndani ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa: hutoka haidrojeni, haina harufu. Tia punje ya ile iliyopashwa: linatoka harufu la mayai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, nayo ni sumu. Punje iwe ya ukubwa wa kichwa cha kijiti cha kibiriti, na ufanyie dirishani. Harufu ikitoweka ghafla usidhani gesi imekwisha, gesi ile huua pua kwanza. Tokeni nje.

kisima_shela

Maelezo marefu ya nini. Mchanganyiko waweza kuutenganisha, kampaundi huwezi. Basi.

chumvini_gongoni

Hapana, nduu yangu. Ungekuwa huwezi, sodiamu ingetoka wapi? Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliipata mwaka 1807 kwa kupitisha umeme ndani ya soda kali (sodiamu haidroksaidi) iliyoyeyushwa, na hadi leo viwanda huipata kwa umeme kutoka chumvi iliyoyeyushwa. Huongezewa kalsiamu kloraidi ili iyeyuke karibu na nyuzi 600 badala ya 801, maana kila nyuzi ni pesa. Kampaundi hutenganishwa. Kisichowezekana ni kuitenganisha kwa kuchuja, kuanika, kupepeta au sumaku.

Na mwalimu akitaka waione tofauti hiyo kwa macho, awalete huku kwenye mashamba ya chumvi kati ya Ngomeni, Gongoni na Kurawa. Bahari ni mchanganyiko hasa. Kilo 1 ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za vitu vilivyoyeyuka, na chumvi ya kula ni robo tatu na kidogo ya hizo. Zilizobaki ni za magnesi, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo. Kwa kuwa ni mchanganyiko, jua latosha kuzipambanua. Jua halivunji kampaundi hata moja pale. Linaondoa maji tu, na kila kampaundi inajitenga zamu yake ikifika.

Maji yanaingia yakiwa na digrii 3.5 hivi za Baume kwenye haidromita, kipimo cha jinsi maji yalivyo mazito kwa chumvi. Kwanza hushuka chokaa kidogo, kalsiamu kaboneti. Karibu digrii 13 huanza jasi, kalsiamu salfeti, inayofanya gamba gumu chini ya mabwawa ya mwanzo. Chumvi haianzi mpaka kwenye 25 na nusu, wakati maji yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Hapo ndipo yanahamishiwa kwenye mabwawa ya kuvunia. Yakifika 29 au 30 lazima yamwagwe, hata kama chumvi bado imo.

Wengi hukosea hapo kwa tamaa. Ukiyaacha yaendelee, magnesi kloraidi na magnesi salfeti hushika kwenye chembe za chumvi. Chumvi inakuwa chungu ulimini, na gunia linatokwa na maji usiku wa unyevu, kwani magnesi kloraidi huvuta unyevu wa hewa. Mtu akikwambia "chumvi hii inalia", si sodiamu kloraidi inayolia. Sodiamu kloraidi safi haivuti unyevu mpaka hewa ifike karibu asilimia 75, ingawa kwa Malindi ya msimu wa mvua hata hiyo haisaidii sana. Dawa ni kuisuuza kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi safi: yanabeba magnesi bila kuyeyusha chumvi yako.

Kwa hiyo usimwambie kijana kuwa chumvi ya dukani ni kampaundi moja. Ni kampaundi moja yenye wageni. Mgeni mmojawapo huongezwa kwa makusudi, potasiamu ayodeti, kwa ajili ya tezi ya shingo. Ayodini yenyewe ni fuwele za rangi ya zambarau iliyokoza zinazofuka mvuke ukizipasha, zinazochoma ngozi. Ndani ya ayodeti imetulia, nyeupe, haifuki. Swali lile lile la sumu, jibu lile lile.

tanuu_matondoni

Mwalimu aliomba mfano wa nyumbani, na nyumba zenyewe ndizo mfano. Ukuta wowote wa Mkomani ni somo la kampaundi: jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti, chokaa iliyolishika ni kalsiamu kaboneti tena, na katikati pamepita kampaundi mbili nyingine.

Chukua kilo 100 za jiwe safi kutoka Maweni. Ndani yake mna kilo 40 za kalsiamu, kilo 12 za kaboni na kilo 48 za oksijeni. Kalsiamu peke yake ni metali nyeupe kama fedha, ukiitia majini inatoa haidrojeni. Kaboni ndiyo makaa: kilo 12 si haba, ndoo nzima na zaidi. Oksijeni ndiyo inayowasha moto. Sasa tafuta jiwe linalong'aa kama metali, au jeusi, au linalowaka. Hulipati. Ni jeupe, unalikalia, unajengea msikiti.

Tanuu hupangwa magogo ya mikoko kwa duara, mawe juu yake, moto unaanzia kati. Jiwe likipita nyuzi 850 hadi 900 huachia kaboni dayoksaidi. Zile kilo 100 hubaki kilo 56 za chokaa kali, yaani ile isiyotiwa maji bado. Kilo 44 zimekwenda hewani. Kwa hiyo jiwe lililoiva hulijua kwa mkono kabla ya jicho: ukubwa ni ule ule karibu, uzito umepungua karibu nusu. Lililo zito halijaiva, lina kiini kibichi. Livunje, dondoshea ndimu katikati: likitoa povu bado ni kaboneti, lirudi motoni.

Kuni chache au upepo wa upande mmoja ndio chanzo cha viini hivyo. Kosa la pili ni kuchoma kupita kiasi, na hilo halisemwi sana. Jiwe likipata moto mkali kwa muda mrefu, chokaa yake hujikaza, ikatiwa maji inakawia. Punje hizo zinaingia kwenye lipu zikiwa hazijazimika, yaani hazijashika maji yake, zinakunywa unyevu pole pole miezi ikipita, zinavimba na kurusha vipande vidogo ukutani kama chunusi. Watu hulaumu chumvi. Ni chokaa iliyokuwa bado njiani kutoka kampaundi moja kwenda nyingine.

Kuzima: kilo 56 za chokaa kali zinashika kilo 18 za maji zikawa kilo 74 za kalsiamu haidroksaidi. Maji hayo hayako tena kama maji. Ukishika ile poda mkononi ni kavu, robo ya uzito wake ni "maji", na kuianika juani hakuyarudishi. Mfano huu nauona bora kuliko wote kwa darasa, kwa kuwa maji kila mtoto anayajua.

Lakini kwa vitendo 18 hazitoshi, maana joto linarusha mengi kwa mvuke. Kwa chokaa laini ya lipu tia ndani ya pipa maji ujazo mara mbili au tatu ya chokaa, kisha tia chokaa majini kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimwage maji machache juu ya rundo: yatachemka na kuruka usoni. Chokaa ikiingia jichoni osha kwa maji mengi, robo saa nzima, kisha hospitali, usingoje kuona kama itatulia. Pipa liwe la chuma, plastiki nyembamba hulainika kwa joto. Ikipoa chuja, ifunike kwa maji juu, ikae wiki kadhaa. Ikikaa miezi ni bora zaidi, zile punje nzito hupata kuzimika humo badala ya ukutani.

Ukutani inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, inaachia maji yake, inarudi kuwa kalsiamu kaboneti. Jiwe limerudi kuwa jiwe. Hairudi kwa kukauka tu. Ukiikausha haraka kwa jua kali inakuwa unga unaofutika kwa kidole, kwa sababu gesi haiingii vizuri pasipo unyevu kidogo. Ndiyo maana ya kuinyunyizia maji na kutundika magunia majimaji siku za mwanzo.

maabara_malindi

Nyongeza fupi kwa tanuu_matondoni. Mwanakemia Mfaransa Lavoisier alipoandika orodha yake ya elementi mwaka 1789 aliiweka chokaa humo. Hakuwa mzembe: hakuna moto wa makaa wala asidi ya wakati ule iliyoweza kuivunja, na kwake elementi ilikuwa kitu ambacho hakijavunjika bado. Davy akaivunja kwa umeme mwaka 1808, ikatoka kalsiamu. Vijana wakikuuliza tunajuaje kuwa kitu ni elementi, waambie hadithi hiyo, kisha uwaambie siku hizi tunahesabu protoni.

mkomani_tuisheni

Allah awalipe. Hilo la ndoo ya makaa ndani ya jiwe litawaamsha hata wanaolala.

Maswali mawili madogo. Dele la kahawa ni la shaba na zinki: je, nalo ni kampaundi? Limeyeyushwa likawa kitu kimoja, huwezi kuchagua kwa vidole. Na nataka kuwaonyesha maji yakivunjika kwa betri. Nimeambiwa nitie chumvi ndani ili umeme upite. Kijiko kimoja chatosha?

chumvini_gongoni

Dele ni mchanganyiko, mwalimu, ila mchanganyiko wa metali ulioyeyukiana. Uliza swali la uwiano tu. Mfua shaba mmoja atatumia shaba 70 kwa zinki 30, mwingine 60 kwa 40, na yote ni madele. Rangi inakwenda pole pole kutoka wekundu kwenda manjano kadiri zinki inavyozidi. Chumvi haina pole pole hiyo.

Ule ukijani unaoota kwenye dele lisilosuguliwa ndio kampaundi sasa: shaba imeungana na oksijeni, maji na kaboni dayoksaidi, na karibu na bahari na kloraidi pia. Usugue kabla ya kutia kahawa.

maabara_malindi

Kijiko cha chumvi USITIE. Ukitia, upande wa chanya wa betri hautatoa oksijeni peke yake, utatoa klorini. Utaijua kwa harufu ya bwawa la kuogelea. Kwenye maji yenyewe itabaki soda kali, na sehemu ya klorini itaungana nayo ikawa sodiamu haipokloraiti, yaani jiki. (Tazama hapo: sodiamu na klorini zile zile, imeongezeka oksijeni moja tu, na hiki hakiliwi. Pia ndiyo sababu jiki haichanganywi na ndimu, siki au dawa ya choo yenye asidi: klorini hutoka tena.) Wala sodiamu metali hutaiona, kwa kuwa maji huachia haidrojeni kwa urahisi zaidi kuliko sodiamu kuchukua elektroni yake.

Magadi ya mawe pia si mazuri kwa kazi hii, huwa yana chumvi kidogo ndani. Nunua bikaboneti ya sodiamu ya dukani, lakini usiitie hivyo ilivyo, kwani itatoa kaboni dayoksaidi upande wa oksijeni na kukuharibia hesabu. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu cha chuma kwa moto wa wastani, ukikoroga, kama nusu saa. Gramu 168 hubaki gramu 106. Pima, kaanga tena dakika tano, pima: uzito ukiacha kushuka imekwisha kuwa kaboneti. Hilo peke yake ni somo, poda nyeupe imekuwa poda nyeupe nyingine, na mizani ndiyo shahidi. Kijiko kimoja cha chai cha hiyo kwa nusu lita ya maji.

Betri ya volti 9. Kijiwe kimoja cha volti 1.5 hakitoshi: maji yanadai 1.23 kwa hesabu, ila vijiti vyenyewe hula zaidi ya hapo. Vijiti viwe vya chuma cha pua. Risasi ya penseli inafanya kazi, lakini oksijeni huila ile kaboni pole pole, na kipimo chako cha oksijeni kinapungua. Jaza neli mbili kwa maji hayo hayo, zigeuze kichwa chini juu ya vijiti. Wacha dakika tano za mwanzo zipotee kabla ya kuanza kupima, oksijeni inayeyuka majini zaidi kuliko haidrojeni na lazima maji yashibe kwanza. Usipofanya hivyo utapata 2.3 kwa 1 au hata zaidi, na vijana watakwambia kitabu kimedanganya.

Kwa ujazo haidrojeni ni mara mbili ya oksijeni. Kwa uzito oksijeni ni mara nane ya haidrojeni. Waandikishe zote mbili kando kwa kando. Kisha ujaribu kila neli: ya haidrojeni, ielekeze mdomo chini na usogeze kijiti chenye mwali, italia "pop". Ya oksijeni, igeuze, tia kijiti chenye kaa tu, kitawaka upya.

Jambo moja la mwisho, na hili lisimamie mwenyewe. Usikubali mtu akusanye gesi zote mbili kwenye chombo kimoja eti kurahisisha. Ndani ya chupa hiyo mna haidrojeni na oksijeni kwa uwiano ule ule kamili wa maji, na si maji. Ni mchanganyiko bado, unakaa kimya hapo mezani hadi cheche ipite.